Waliopita na Aliyesimama

Asubuhi hii fungueni Luka sura ya 10, kuanzia mstari wa 30. Angalieni jambo moja: kuhani na Mlawi hawakuwa vipofu. Wote wawili walimwona yule mtu kando ya njia.

Nataka kuwakumbusha habari za mwana wa Nairobi, Mohamed Amin, mpiga picha wa habari aliyezaliwa mwaka 1943. Hakuwa wa dini yetu, alikuwa Mwislamu. Lakini hata yule Msamaria hakuabudu pamoja na kuhani. Mwaka 1984 njaa ilikuwa ikiua watu Ethiopia. Maonyo yalikuwa yametolewa miezi mingi kabla, mataifa yakasikia na kuendelea na shughuli zao. Mwezi wa Oktoba Amin alifika Korem, kaskazini mwa nchi hiyo, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Alfajiri, katika baridi ya milimani, waliwakuta maelfu wameketi chini wakingoja chakula, na maiti zimeviringishwa katika matambara. Amin akaelekeza kamera yake kwenye nyuso za watu, mmoja mmoja. Tarehe 23 Oktoba picha zile zilionyeshwa Uingereza, kisha nchi nyingi, na misaada ikaanza kumiminika. Njaa ilikuwa ile ile. Ila sasa watu walikuwa wameitazama machoni.

Kazi yake ilimgharimu. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto. Akawekewa mkono wa bandia, akarudi kazini. Alifariki Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na Komoro.

Nami kasisi, kila Jumapili huwaombea maskini na wagonjwa wote, kwa jumla, bila jina. Mwaka jana mzee wa kanisa aliniuliza kama nimemwona mama mmoja mjane aishiye nyuma ya soko. Nilikuwa nimepita mlangoni pake mara nyingi nikienda mikutanoni. Nilipobisha hodi nilimkuta kitandani, mguu umevimba, mwezi wa nne huo. Hakunilaumu. Alisema tu, "Pasta, mlio wa pikipiki yako naujua. Kila ukipita najiambia, leo atasimama."

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwona Hajiri jangwani, utuonyeshe leo mlango tunaoupita. Amina.