Injini Asilia ya Gari la Kale: Mnunuzi Atazame Nini



Anayenunua gari la kale hununua vitu viwili kwa pamoja: chuma na maneno. Chuma anakiona, maneno ni ya muuzaji. Na neno linalopandisha bei kuliko mengine ni hili, kwamba injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Nitalipima kwa mfano wa gari moja tu, Ford Model T, lililotengenezwa tangu 1908 hadi 1927, kwa kuwa yalitoka zaidi ya 15,000,000 na mengine yangali sokoni.

Kwa miaka mingi gari hili halikuwa na nambari ya chesisi. Nambari ya injini ndiyo iliyokuwa nambari ya gari; fremu zilianza kugongwa nambari mwishoni kabisa, kiasi cha 1926. Kwa hiyo msiridhike upesi na kadi ya usajili. Kadi yaweza kuafikiana na injini tarakimu kwa tarakimu, na bado injini ikawa ya gari jingine, maana karani alinakili nambari aliyoikuta siku ya usajili.

Nambari hiyo, katika magari mengi, imegongwa upande wa kushoto wa bloku, juu ya mahali maji yanapoingilia. Isafisheni kwa kitambaa na mafuta ya taa, msasa msiuguse. Kisha itafuteni tarehe ya kusubiwa kwa bloku, yaani siku chuma kilipomiminwa kalibuni, ambayo katika bloku nyingi imetokeza kwenye chuma chenyewe. Isomeni kwa desturi ya Kimarekani, mwezi ukitangulia: 4 7 21 ni tarehe 7 Aprili 1921, wala si tarehe 4 Julai. Nambari hugongwa baada ya bloku kusubiwa. Basi nambari ikidai 1912 na chuma kikisema 1921, chuma ndicho cha kusadikiwa.

Hapo msikimbilie kumwita muuzaji mwongo. Ziliuzwa bloku za vipuri zisizo na nambari, zikagongwa nambari ya injini iliyokufa; tena kiwanda kiliendelea kutoa injini za aina hii hadi 1941, miaka 14 baada ya gari lenyewe kukoma. Tarakimu kukaa upande si ushahidi pia, kwani ziligongwa kwa mkono. Cha kutiliwa shaka ni alama za tupa, au chuma kilichobonyea kuzunguka nambari, au rangi nzito iliyopakwa mahali hapo tu.

Umbo nalo husema. Injini takriban 2,500 za mwanzo zilikuwa na pampu ya maji. Zilizofuata maji yalizunguka kwa nguvu ya joto. Silinda hedi fupi ilipisha ndefu kiasi cha 1917. Starta ya umeme ilikuja 1919, na bloku ikabadilishwa ili kuipokea pamoja na dainamo. Gari linaloitwa la 1914, lenye injini iliyoumbwa kwa ajili ya starta, limebadilishiwa injini, hata likiwa na hendeli mbele.

Kwa magari yaliyokuja pande zetu kuna jambo moja zaidi. Sehemu kubwa ya makoloni ya Uingereza ilihudumiwa na Ford ya Kanada, ambayo nambari zake hutanguliwa na herufi C. Msizipime kwa orodha za miaka za Marekani. Mtamdhulumu muuzaji mkweli.

Model T yenye injini ya kubadilishwa ni gari zuri na huenda likatembea vizuri kuliko lenye injini yake. Tofauti iwe katika bei. Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji aandike kwenye hati ya mauziano nambari ya injini, tarehe ya kusubiwa, na maneno "injini asilia" kama ndiyo anayoyadai. Akikataa kuyaandika, lipeni bei ya gari lisilo na maneno hayo.