Mbuga Zilizo Mlangoni Petu
(Hotuba ya kamati katika mkutano wa mwaka, kabla ya harambee)



Tumepewa dakika kumi, nasi tutaanza na neno moja tu: mbuga. Kwa Kiswahili cha mjini, mbuga ni mahali pa tembo na simba, unalipa getini ndipo unaingia. Kwetu mbuga ni ule udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua, tunapolima pamba na dengu na kuchunga ng'ombe. Watoto wetu waliozaliwa Dar es Salaam, babu akiwaambia kwa simu kwamba ng'ombe wako mbugani, huuliza kama hawajaliwa na simba.

Tunacheka, lakini tukisema ukweli, wengi wetu humu ndani hatujawahi kuona nyumbu akiwa hai. Wazungu wanavuka bahari kuja kumwona, na sisi tumezaliwa jirani naye. Ukitoka Kishapu ukapita Mwanhuzi hadi Makao, wilayani Meatu, umeingia eneo la wanyamapori linalosimamiwa na vijiji vyenyewe. Mbele yake ni Pori la Akiba la Maswa (hapo usiingie kiholela, uliza kibali kwanza), kisha Serengeti yenyewe. Kati ya Desemba na Machi nyumbu zaidi ya milioni moja huwa kwenye nyanda zile za kusini, upande wetu, wakizaa. Walioko Mwanza wana njia rahisi zaidi: lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Musoma, ukishapita Lamadi. Na asiye na nauli kubwa avuke kwa boti hadi kisiwa cha Saanane, hifadhi ya taifa iliyo mbele ya jiji. Wenzetu wa Geita wana Rubondo, kisiwa chenye tembo na sokwe walioanza kuletwa kutoka Ulaya mwaka 1966.

Hayo ni ya kutembelea. Lakini kilichotuleta hapa mbele leo ni cha nyumbani.

Wazee mnakumbuka, au mlisimuliwa na baba zenu, jinsi Usukuma ilivyofyekwa. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliwatoa watu kwa maelfu kukata msitu ili kumwondoa mbung'o. Mbung'o alipungua na ng'ombe wakaongezeka, lakini wanyama na ndege waliondoka pamoja na miti. Mashamba ya pamba yakaendeleza pale shoka lilipoishia. Ilifika mahali Shinyanga ikaitwa jangwa.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Busara yake ilikuwa kurudi kwenye jambo tulilokuwa nalo: ngitili. Unafunga kipande cha malisho msimu wa mvua, unakifungua kiangazi ng'ombe wakiwa na njaa, na mizizi iliyobaki ardhini inachipua yenyewe. Dagashida ikaweka sheria, sungusungu wakalinda. Ngitili zilizojulikana mwanzoni hazikuzidi sana hekta 600; mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilipita hekta 300,000 mkoani. Wataalamu walipokuja kuhesabu, walikuta humo aina 145 za ndege.

Mmoja wa ndege wa ukanda wetu tunaomba tumtaje, maana wengi mmemwona bila kumjali. Ni yule kasuku mdogo wa kijani, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na mdomo mwekundu, anayekwenda kwa makundi akipiga kelele. Nyumbani kwake hasa ni kusini na mashariki ya Ziwa Viktoria. Miaka ya 1980 walinaswa kwa maelfu wakauzwa nje, na leo vizazi vyao wamo kwenye vizimba Ulaya na Marekani. Hutaga katika matundu ya miti, kwa hiyo ukikata mti mkavu wenye tundu kwa ajili ya kuni, huenda umebomoa nyumba yake.

Hatutawaficha upande wa pili. Vichaka vikirudi, fisi naye anarudi, na mbuzi watapungua. Mama aliyepoteza mbuzi wawili usiku mmoja hana hamu ya kusikia habari za kasuku, na hakosei. Kwa hiyo katika maombi yetu yamo mazizi imara kwa kaya zinazopakana na ngitili.

Maana hali si nzuri. Tulipokwenda nyumbani Agosti tulikuta matanuru mawili ya mkaa ndani ya ngitili ya shule, bado yanafuka. Kipande kingine kimepimwa mashamba. Vijana walituuliza, bila utovu wa adabu: "Baba zetu, ninyi mko mjini, mnataka tule miti?" Hatukuwa na jibu pale pale. Jibu letu ni haya tunayoyaleta leo.

Tunaomba fedha za mizinga ya nyuki itakayokuwa mali ya vijana hao hao, wenye sababu ya kuilinda miti. Tunaomba za mazizi tuliyoyasema. Tunaomba darubini tano na kitabu cha ndege kwa shule. Na tunaomba basi moja, Januari, liwapeleke wanafunzi wa darasa la sita hadi Serengeti na kuwarudisha, walimu wakiwa nao.

Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina. Mwenye gari linaloweza kubeba mizinga kutoka Shinyanga mjini aje atuone kabla ya chakula.