Bunge na mali ya raia: nani anauliza hesabu?

Leo tunazungumza juu ya kazi moja ya Bunge ambayo haisemwi sana. Wengi wanajua kwamba Bunge linatunga sheria. Ni kweli. Lakini Katiba yetu, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inalipa Bunge kazi mbili pamoja katika kifungu cha 100: kupiga kura juu ya sheria, na kuikagua serikali pamoja na makampuni yake. Hiyo ya pili ndiyo yetu leo.

Najua kuna mtu chini ya shitingi anayesema: "Mimi natafuta unga wa watoto, nawe unaniletea habari za Kinshasa?" Ana haki ya kuuliza hivyo. Basi tumjibu kwa mambo yaliyotukia.

Vita vya 1996 na vita vya 1998 vilipiganwa kwa silaha, na silaha hununuliwa kwa fedha. Katika miaka hiyo serikali ya Kinshasa, na vilevile makundi yaliyoshika silaha, walitia sahihi mikataba mingi ya madini na ya biashara nyingine. Hapakuwa na Bunge lililochaguliwa na raia la kuwauliza: mnauza nini, kwa bei gani, fedha zinaingia mfuko gani? Raia walikuwa wakikimbia porini, na mali iliyokuwa chini ya ardhi yao ikauzwa bila wao kujua.

Wakongomani walipokutana Sun City, Afrika ya Kusini, mwaka 2002, walikubaliana mikataba hiyo ichunguzwe. Bunge la mpito likaunda tume maalum, na mbunge Christophe Lutundula akawa kiongozi wake. Katikati ya mwaka 2005 tume ilikabidhi ripoti yake. Ilikuwa ripoti nzito. Ilionyesha kwamba mikataba mingi ilivunja sheria au haikuiletea nchi faida ya maana. Ilipendekeza mikataba 16 ivunjwe au izungumzwe upya, na watu kadhaa wapelekwe mahakamani. Iliomba pia pasiwe na mikataba mipya mpaka baada ya uchaguzi.

Halafu? Ripoti ikalala. Wabunge wenyewe hawakuigawiwa mpaka Februari 2006. Mwezi wa Julai mwaka uleule uchaguzi ukafika, na Bunge la mpito likamaliza siku zake bila kuijadili inavyopasa. Wazee husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari liliandikwa, tena vizuri, lakini likafungiwa. Na sababu haiko mbali: wabunge wa wakati ule hawakuchaguliwa, na wengi wao waliwekwa na pande zilezile zilizokuwa zimetia sahihi. Sisemi kila mmoja alikuwa mwizi. Nasema ni vigumu mtu kusoma kwa sauti barua inayomtaja ndugu yake.

Lakini tusiseme kwamba ukaguzi haufai kitu. Bunge lilelile, mwaka 2004, lilikuwa na tume nyingine, ile ya mbunge Grégoire Bakandeja, iliyochunguza fedha za makampuni ya serikali. Ripoti ile haikufichwa. Mwezi wa Novemba 2004 mawaziri kadhaa na wakubwa wa makampuni hayo wakasimamishwa kazi. Nchi ni ileile, na Bunge ni lilelile. Tofauti ni kwamba moja ilisomwa na kufuatwa, na nyingine iliachwa kabatini.

Sasa, ukaguzi unafanywa namna gani? Kifungu cha 138 cha Katiba kinampa mbunge njia kadhaa: anaweza kumwandikia waziri swali au kumwuliza kwa mdomo, anaweza kumwita mbele ya Bunge ajieleze, Bunge linaweza kuunda tume ya uchunguzi. Kuhusu fedha, serikali inapaswa kuleta bajeti, yaani makadirio ya mapato na matumizi ya mwaka unaokuja, si baada ya tarehe 15 Septemba. Na mwaka ukiisha, Korti ya Hesabu inapeleka mbele ya Bunge hesabu ya matumizi yenyewe, pamoja na maoni yake. Kwa hiyo kuna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Magazeti na redio hupiga kelele nyingi kwenye mlango wa kwanza, tarakimu kubwa zinaposomwa. Kwa maoni yangu mlango wa pili ndio wenye maana zaidi, maana pale ndipo utajua kama fedha zilizoahidiwa kwa hospitali zilifika hospitali.

Wazee wa usultani na wa sekta, hapa sikilizeni vizuri. Sheria ya madini ilibadilishwa tarehe 9 Machi 2018. Ushuru ambao kampuni inalipa juu ya madini inayouza unagawanywa hivi: sehemu 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mji, komini, sekta au usultani ambamo madini yanachimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Maana yake kuna fedha ambazo sheria inazileta mpaka ofisini kwenu. Mwami anayebandika karatasi ukutani, akionyesha kilichoingia na kilichotoka, anafanya kazi ya amani. Asipofanya hivyo, watu hawatanyamaza. Watasema fedha zimeliwa na kabila fulani, na nyote mnajua maneno ya namna hiyo yametupeleka wapi. Ni hivyohivyo kwa kamati ya kambi na orodha ya wanaopewa chakula.

Kuna jambo moja gumu zaidi. Mwezi wa Desemba 2023 nchi ilichagua wabunge, lakini kwa sababu ya vita uchaguzi haukufanyika katika teritwari za Masisi na Rutshuru, huku Kivu ya Kaskazini, wala Kwamouth kule Mai-Ndombe. Hata Bunge la jimbo la Kivu ya Kaskazini lilisimamishwa mwezi wa Mei 2021, serikali ilipoweka wanajeshi kuongoza jimbo. Basi mtu wa Masisi aliyepoteza nyumba anauliza: bajeti inapopigiwa kura, nani anasema kwa ajili yangu?

Jibu liko katika kifungu cha 101. Kinasema mbunge anawakilisha taifa zima. Hakisemi kijiji chake, wala kabila lake, wala wale tu waliompigia kura. Mbunge wa Bukavu, wa Beni, hata wa Kananga, hawezi kumwambia mkimbizi wa Masisi: "Wewe si mtu wangu." Kwa Katiba, ni mtu wake. Kuhama kwenu hakukuondolea uraia.

Na iko nafasi ya kuonana nao. Bunge linakaa kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni, halafu kuanzia 15 Septemba hadi 15 Desemba. Katikati ya vipindi hivyo wabunge wanarudi majimboni. Akifika, msimpokee kwa nyimbo peke yake, wala msimwombe sabuni na sukari tu. Andikeni barua fupi, ibebe sahihi za wazee, za mama na za vijana wa makabila yote mliokaa pamoja. Msitukane mtu. Ulizeni mambo matatu au manne: Mwaka jana bajeti iliweka kiasi gani kwa ajili ya watu waliohama, na kiasi gani kilitoka? Kilipita kwa nani? Wewe binafsi ulimwuliza waziri swali gani juu yetu, na alijibu nini? Na ripoti ya Korti ya Hesabu, umeisoma? Wekeni nakala moja ya barua hiyo, muandike tarehe, na kipindi kijacho mmwulize tena.

Muda wetu umekwisha. Juma lijalo tutazungumza juu ya ardhi ya watu waliohama: nani ana haki ya kuilima wakati wenyewe hawapo. Kwaherini, na mkae kwa amani.