Pumziko Linalolinda Mkono: Mazoezi ya Vipande kwa Waogeleaji



Katika mabwawa yetu mengi mazoezi ya vipande hupimwa kwa saa peke yake. Mwogeleaji hupewa mita 100 mara kumi, aondoke ukutani kila baada ya dakika 2, na akiwahi zote tunasema amefanya kazi. Mada hii inadai kwamba saa haitoshi. Idadi ya mikono anayopiga kutoka ukuta hadi ukuta ndiyo inayoeleza kama zoezi linamjenga au linamharibu.

Maji yana msongamano wa takriban mara 800 ya hewa, na ukinzani wake hukua kwa mraba wa kasi: ukiongeza kasi maradufu, maji hukuzuia mara nne. Nyonga zikizama, kichwa kikinyanyuka kutafuta hewa, au kiwiko kikianguka kabla kiganja hakijayashika maji, nguvu nyingi hupotea bure.

Mchukue mwogeleaji wa mtindo huru anayepiga mikono 18 kwa kila mita 25. Katika kipande cha tatu bado ni 18, cha sita 20, cha nane 23. Muda wake unaweza kubaki uleule, kwa kuwa mkono uliofupika anaufidia kwa kuupiga haraka. Saa haioni kitu. Kumbe tangu kipande cha sita anafanya mazoezi ya makosa, na mwili hukariri kosa kwa uaminifu uleule unaokariri usahihi.

Hapo ndipo pumziko linapopata maana. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba kulibana ndiko ukakamavu. Sikubaliani, hasa kwa watoto. Sekunde 20 ukutani hushusha pumzi bila kuupoza mwili, na humpa mtoto nafasi ya kusikia neno moja la kocha. Neno moja, si hotuba.

Kuutazama mkono badala ya saa peke yake si jambo jipya. Kocha James Counsilman wa Chuo Kikuu cha Indiana, miongoni mwa walioeneza mazoezi haya, aliwapiga waogeleaji picha chini ya maji ili achunguze njia ya mkono. Mwanafunzi wake Mark Spitz alitwaa dhahabu 7 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, zote kwa rekodi za dunia. Naye Alexander Popov, bingwa wa Olimpiki wa mita 50 na 100 mtindo huru mwaka 1992 na 1996, alijulikana kwa kuogelea taratibu mazoezini, akitunza kila mkono, chini ya kocha Gennadi Touretski.

Napendekeza kikomo kiwe nyongeza ya mikono miwili. Mwogeleaji akikivuka, aongezewe sekunde 10 za pumziko. Akikivuka tena, vipande vilivyobaki vigeuzwe mita 25 za polepole, mkono mmoja ukingoja mwenzake mbele kabla ya kuvuta. Wadogo wahesabiwe na mwenzao aliyesimama kando ya bwawa, maana kuhesabu huku unahema ni kazi ngumu, na idadi iandikwe daftarini pamoja na muda.