Seli Zinazorudi Utotoni: Selimundu, Pwani ya Tanga na Hoja ya Anasa

Katika mijadala ya afya nchini Tanzania husikika mara kwa mara hoja kwamba kurudisha seli za mtu mzima katika hali ya seli shina, yaani seli changa ambazo bado hazijawa ngozi, neva wala damu na zinaweza kuwa chochote kati ya hivyo, ni sayansi ya anasa, na kwamba mkoa kama Tanga hauna haja nayo maadamu wapo watoto wenye selimundu wanaokosa hata vidonge vya haidroksiyurea. Hoja hii hutolewa kwa nia njema na watu wanaoheshimika, nayo imekubalika bila kupimwa kiasi kwamba inastahili kujibiwa kwa kirefu.

Historia ya ugunduzi wenyewe haihitaji kusimuliwa upya. John Gurdon alionyesha mwaka 1962, kwa kutumia vyura wa Kiafrika wa jenasi ya Xenopus, kwamba kiini cha seli ya utumbo wa kiluwiluwi bado kina maelekezo yote ya kuumba chura mzima. Kazutoshi Takahashi na Shinya Yamanaka wa Kyoto waliingiza jeni nne tu katika seli za ngozi ya panya mwaka 2006, wakazirudisha utotoni, na mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa seli za binadamu.

Kinachostahili kusomwa polepole ni makala ya kurasa nne ya Jacob Hanna, Rudolf Jaenisch na wenzao, iliyochapishwa katika jarida la Science mwezi Desemba 2007, kwa sababu ugonjwa uliochaguliwa kuijaribia mbinu hiyo changa ulikuwa selimundu, ule ambao mitaani huitwa siko seli. Watafiti hao walichukua panya waliowekewa jeni za binadamu zenye kasoro ya ugonjwa huo, wakakata kipande cha ngozi kwenye ncha ya mkia, wakazirudisha seli zake kuwa seli shina, kisha wakasahihisha herufi moja, kwa kuwa selimundu yote hutokana na herufi moja iliyokosewa katika jeni ya himoglobini. Waliiondoa pia jeni mojawapo kati ya zile nne walizoingiza, ambayo ina tabia ya kuchochea saratani, na hapo ndipo wakazielekeza seli hizo kuwa mbegu za damu na kuzipandikiza kwa panya wenye ugonjwa huo. Ngozi ya mkia ikawa damu, na damu hiyo ikapunguza ugonjwa. Ni vigumu kupata katika fasihi yote ya tiba kurasa nne zilizobeba mzigo mkubwa namna hiyo bila kujisifu.

Wanaoshikilia hoja ya anasa hupenda kutaja bei ya Casgevy, tiba iliyoidhinishwa Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, ambayo huko Marekani iliwekewa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mfano huo haufai, kwa kuwa Casgevy hairudishi seli yoyote utotoni: huchukua seli shina za damu ambazo mgonjwa tayari anazo na kuzihariri. Husemwa vilevile kwamba upandikizaji wa uloto unatosha, na ni kweli kwamba Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Lakini upandikizaji huo kwa kawaida humtegemea mtoaji anayelingana na mgonjwa, na kila ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne tu ya kulingana naye. Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba seli zilizorudishwa utotoni zina kazi moja tu, ya kupandikizwa, ilhali seli zilizotokana na mgonjwa zinaweza kukuzwa katika kisahani cha maabara na kujaribiwa dawa, vidonge vya bei nafuu vikiwamo, kabla ya mtoto yeyote kumezeshwa.

Tena damu hazifanani. Kasoro ya selimundu imezungukwa na mpangilio tofauti wa vinasaba kulingana na asili ya watu, na mpangilio uitwao wa Kibantu, ulioenea Afrika Mashariki, kwa kawaida huambatana na ugonjwa mkali kuliko ule wa Waarabu na Wahindi, ambao wagonjwa wake hubaki na himoglobini nyingi zaidi ya kijusi. Mpangilio huo wa Kibantu umeonekana pia Oman, na mtu wa Pangani hahitaji kuelezwa ulivukaje bahari enzi za biashara ya watumwa. Hata hivyo, hazina ya seli za selimundu iliyotangazwa na watafiti wa Boston mwaka 2017 ilijengwa kwa damu ya wagonjwa wa Marekani, Brazil na Saudia.

Mwandishi wa mhadhara huu amewahi kumtazama, katika nyumba moja ya Muheza, mama akipasha mafuta ya nazi juu ya jiko la mkaa na kuyapaka kwenye vidole vya mtoto wa mwaka mmoja, vilivyovimba vyote kumi kama vimejazwa maji, huku akihesabu kimoja kimoja kwa sauti ya chini ili mtoto anyamaze. Alikuwa na vidonge ndani. Kumwambia mama huyo asubiri vidonge kwanza, sayansi baadaye, ni kumpa jibu la swali ambalo hakuuliza.

Haki inadai kukiri kwamba kazi haijakamilika. Seli nyekundu zinazotengenezwa kutoka kwenye seli zilizorudishwa utotoni hubaki zikitoa zaidi himoglobini ya kiinitete na ya kijusi badala ya ile ya mtu mzima, na ni mwaka 2024 tu ambapo watafiti wa Melbourne walitangaza kupata kutoka kwenye seli za namna hii mbegu za damu ya binadamu zilizodumu katika uloto wa panya. Wanaosema kwamba tiba yenyewe iko mbali wana haki ya kusema hivyo.

Umbali huo, hata hivyo, hauzuii kuweka akiba ya seli. Seli zinaweza kurudishwa utotoni kutoka kwenye damu kidogo bila kukata ngozi, na watoto wa selimundu hutolewa damu kila mara kwa vipimo vya kawaida. Tanga ina hospitali ya Bombo, ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na ina Amani, ambako utafiti ulianza tangu 1902. Linalohitajika ni mitungi ya naitrojeni kimiminika, mafundi wa kuitunza, na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, inayomweleza mzazi waziwazi kwamba seli za mwanawe zinaweza kuendelea kuishi na kugawanyika miaka mingi baada ya siku aliyotia sahihi, na kwamba anaweza kukataa.