Mtoto na ardhi aliyozaliwa: mvutano wa uraia nchini Marekani

Mwezi Agosti mwaka 1895, meli iliyotoka China ilitia nanga San Francisco ikiwa na kijana mpishi aitwaye Wong Kim Ark. Alikuwa akirejea katika mji aliozaliwa mwaka 1873. Afisa wa forodha alimkatalia kushuka: wazazi wake walikuwa raia wa Mfalme wa China, hivyo naye si Mmarekani. Kwa miezi kadhaa alizuiliwa katika meli zilizokuwa pwani, huku mawakili wakibishana nchi kavu.

Hoja ya mawakili wake ilisimama juu ya Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua, katika kesi ya Dred Scott, kwamba watu wenye asili ya Kiafrika, watumwa kwa waungwana, hawawezi kuwa raia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, wabunge walitaka jambo hilo lisirudi tena mikononi mwa jaji wala mwanasiasa. Wakaandika kwamba kila aliyezaliwa Marekani, akiwa chini ya mamlaka yake, ni raia.

Maneno hayo, "chini ya mamlaka yake", ndiyo yanayogombaniwa hadi leo. Mwaka 1898 majaji sita dhidi ya wawili walimpa ushindi Wong Kim Ark. Walisema wasiohusika ni wachache: watoto wa wanabalozi, wa majeshi ya adui yaliyoteka ardhi, na wale wa makabila ya Wahindi Wekundu, ambao, ajabu ya historia, wenyeji hao wa tangu zamani walisubiri sheria ya mwaka 1924 ili wote wawe raia.

Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia makundi mawili ya watoto watakaozaliwa baada ya siku 30: wale ambao mama yupo nchini bila kibali, na wale ambao mama ana kibali cha muda tu, kama cha masomo au kazi, katika hali zote mbili, iwapo baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Watetezi wa amri hiyo wanakumbusha kwamba wazazi wa Wong Kim Ark walikuwa na makao ya kudumu, na kwamba nchi nyingi hufuata damu. Hilo la pili ni kweli. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humpa uraia mtoto kwa kumtazama mama au baba, popote alipozaliwa. Lakini desturi ya nchi nyingine haifasiri Katiba ya Marekani, na hoja ya makao ni dhaifu: mgeni asiye na kibali hushitakiwa na kufungwa na mahakama za Marekani kama mtu mwingine yeyote. Ni vigumu kusema hayumo chini ya mamlaka yake.

Kwa mwanafunzi kutoka Nairobi au Dar es Salaam anayejifungua huko, athari ni ya karibu. Cheti cha kuzaliwa kimetosha kumpatia mtoto pasipoti. Chini ya amri hiyo kisingetosha. Kila mzazi, hata aliye raia, angelazimika kwanza kuonyesha karatasi zake mwenyewe. Na mtoto ambaye nchi ya wazazi wake haimtambui angebaki bila taifa.

Majaji wa ngazi za chini waliizuia amri hiyo kabla haijaanza kutumika. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ilipunguza uwezo wao wa kutoa mazuio ya nchi nzima, pasipo kugusa suala la uraia lenyewe. Mwezi uliofuata jaji mmoja wa New Hampshire aliwakusanya watoto wote wanaohusika katika kesi moja, akawakinga. Desemba 2025 Mahakama ya Juu ilikubali kulisikiliza shauri hilo, na jina la mpishi wa San Francisco likarudi mezani pake.