MATEMBEZI KATIKA MJI WA TABORA

Mwalimu wa darasa, tafadhali weka redio mahali ambapo hata walioketi nyuma watasikia, kisha andika ubaoni maneno manne haya kwa herufi kubwa: KIGOMA, MWANZA, HELA, NG'AMBO. Yaache hapo hapo. Tutayarudia moja moja.

Leo hatufungui kitabu. Leo tunakwenda matembezi. Tunapanda basi asubuhi hapo Puge, tunashika barabara ya lami kuelekea kusini, na baada ya kilomita kama 56 tunashuka Tabora mjini. Najua wengi wenu mmefika huko mara nyingi. Mmekwenda kuuza mpunga, kununua bati, kumpeleka mgonjwa hospitali. Lakini mtu aendaye mjini kwa shughuli huiona shughuli yake tu, akiimaliza anatafuta basi la kurudi. Leo hatuna shughuli. Hatuna mzigo kichwani wala mtu anayetungoja. Tutakwenda polepole, na kila penye maandishi tutasimama tuyasome.

Tuanze stesheni.

Reli itokayo Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kwenda Mwanza lilimalizika mwaka 1928. Hivyo Tabora ni njia panda ya reli. Atokaye pwani akifika hapa, ama ataendelea magharibi mpaka Ziwa Tanganyika, ama atapinda kaskazini mpaka Ziwa Victoria. Zamani gari moshi moja lilikuja na abiria wa pande zote mbili, na hapa Tabora mabehewa yalikatwa, haya yakaenda huku na yale yakaenda kule.

Sasa tazameni ubaoni, neno la kwanza na la pili. KIGOMA. MWANZA. Hesabuni herufi. Kila neno lina herufi sita, na kila neno linaishia na A. Kwa mtu asiyejua kusoma, maneno hayo mawili yakiandikwa juu ya mlango wa behewa yanafanana kama ndugu pacha.

Nina sababu ya kuwaambia hayo. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi katika shamba la katani upande wa Morogoro. Nilipokuwa mtoto, ilimfikia habari kwamba dada yao mkubwa, yaani mama yangu mkubwa, amefariki Kigoma. Akafunga furushi lake, akapanda gari moshi siku ile ile. Wakafika Tabora usiku. Akashuka na furushi lake begani kutafuta chai, kwa kuwa alikuwa hajatia kitu tumboni tangu jana yake. Aliporudi, mabehewa yalikuwa yamekwisha sogezwa. Akaliona behewa lenye rangi ile ile, akapanda, akajikunja pembeni, akalala.

Kulipopambazuka aliona mawe. Mawe makubwa kama nyumba, yamepandana moja juu ya jingine. Akamuuliza jirani yake, "Kigoma kuna mawe namna hii?" Watu wakacheka. Walikuwa wanakaribia Mwanza.

Alipofika Kigoma matanga yalikuwa yamekwisha anuliwa. Watoto ndio waliompeleka kumwonyesha kaburi. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kwa nini usiku ule hakumuuliza mtu. Akaniambia, "Niliona haya. Nina mvi kichwani, nimwendee kijana nimuulize hapa pameandikwa nini?" Mwaka uliofuata aliingia darasa la kisomo kama lenu hili. Mwalimu alitaka kuanza na a, e, i, o, u, kama ilivyo desturi. Mjomba akakataa kabisa. Akasema, "Nifundishe kwanza K."

Basi someni sasa, nyote pamoja, kwa sauti: Ki-go-ma. Mwa-nza. Tena. Vizuri.

Tukitoka stesheni, tutafute kivuli tuzungumze habari ya fedha, jambo ambalo hakuna asiyelipenda. Neno la tatu ubaoni ni HELA. Mnalitumia kila siku. Je, lilitoka wapi?

Zamani fedha ya nchi hii ilikuwa rupia, na rupia moja ilikuwa na pesa 64. Neno pesa tulilipata kutoka India. Kisha Wajerumani waliokuwa wakitawala waliona hesabu ya 64 inawasumbua, na mwaka 1904 wakaamua kwamba rupia moja iwe na sarafu ndogo 100. Sarafu hiyo waliiita Heller, na sisi tukaitamka hela. Siku hizi huko Ujerumani hakuna anunuaye kitu kwa Heller. Neno lao wamelisahau sokoni, sisi tumebaki nalo. Neno shule nalo ni lao.

Lakini Tabora ina habari yake katika jambo hili. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli za Waingereza ziliziba njia ya bahari, na sarafu kutoka Ulaya zikawa haziji. Mwaka 1916 Wajerumani wakaanza kufua sarafu zao hapa Tabora, kwa mitambo ya karakana ya reli. Walifua sarafu ndogo za hela 5 na hela 20, tena wakafua sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Dhahabu yenyewe ilitoka Sekenke, upande wa Iramba, si mbali sana na kwetu. Haikupita muda, tarehe 19 Septemba mwaka huo huo, majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji.

Katika sarafu hizo iko herufi moja ndogo: T. Maana yake Tabora. Herufi hiyo ninyi mmekwisha jifunza. Basi mtu wa darasa hili akionyeshwa sarafu ya mwaka 1916 atajua ilikofuliwa, hata kama hajui neno moja la Kijerumani. Dhahabu hizo sasa ni ghali mno, na watu wa nchi za mbali hushindana kuzinunua. Msichimbe sakafu za nyumba zenu kuzitafuta, nawasihi.

Tuendelee kutembea, tusome majina ya kata za mji. Hapa ndipo neno la nne. NG'AMBO. Mwalimu, onyesha kwa kijiti ile alama ndogo iliyoketi juu, baina ya G na A. Wengi hudhani ni doa la wino. Si doa. Bila alama ile tungesoma ngambo, kwa sauti ya ngoma na nguo. Pamoja nayo tunasoma ng'ambo, kwa sauti ya ng'ombe. Ng'ambo maana yake ni upande wa pili. Sasa andika Gongoni, ambalo nalo ni jina la kata ya Tabora. Hapo hakuna alama, kwa hiyo ni ng ya ngoma. Iko kata nyingine iitwayo Tambukareli. Ni refu, lakini likate katikati: tambuka, reli. Kutambuka ni kuinua mguu ukavuka kitu. Jina lenyewe linakuambia la kufanya. Ziko Chemchem na Isevya na Kanyenye, na mwingine kati yenu huenda ana shangazi huko. Siku mkienda kumtembelea, msome kibao kabla ya kubisha hodi.

Sokoni hatutakaa sana, maana nawajua, tukikaa sana mtanunua. Tazameni tu. Hii hapa asali ya misitu ya miyombo, ambayo Tabora inasifika kwayo. Haya hapa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa juani. Na hii ni michembe, ambayo hukatwa na kuanikwa ikiwa mibichi. Kwenu Puge hakuna haja ya kueleza. Wako wazee wanaosema kwamba jina la mji, Tabora, lilitokana na matobolwa, kwa kuwa ndicho chakula cha safari alichofunga mchukuzi. Zamani wageni waliuita mji huu Kaze, na nchi iliyouzunguka ni Unyanyembe. Lakini kiazi chenyewe asili yake ni bara la Amerika, kama mahindi na mihogo. Mwembe asili yake ni India. Na ile nguo nyeupe ambayo bibi zetu waliiita merikani, nayo jina lake linasema: ilifumwa Marekani, ikaletwa Unguja kwa meli, ikapandishwa bara kwa vichwa vya watu. Njiani ndiyo iliyokuwa fedha. Msafara uliofika kijijini ulikata nguo ukapata chakula.

Vichwa vya watu, nimesema, na mabega pia. Kutoka pwani mpaka hapa hapakuwa na reli wala punda wa kutegemewa. Walikuwako Wanyamwezi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa karibu ratili 70, yaani zaidi ya kilo 30. Wazungu wawili, Burton na Speke, walitoka pwani mwezi Juni mwaka 1857, wakaingia Kaze tarehe 7 Novemba. Ni siku 134. Sisi asubuhi tumetoka Puge, hata chai tuliyokunywa nyumbani haijatutoka.

Sasa twende nje ya mji kidogo, mpaka Kwihara. Njia ina miembe mikubwa. Husemwa kwamba miembe mingi ya njia ya zamani iliota kutokana na kokwa walizotupa wapita njia wakila maembe. Wengine husema ilipandwa kusudi, kwa kivuli. Yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Kwihara ipo nyumba ya tembe yenye kuta nene, ambayo imetengenezwa upya na kuwekwa vitu vya kale. Ndipo alipokaa Daktari Livingstone mwaka 1872. Stanley alikuwa amemkuta Ujiji, wakaja wote mpaka hapa, kisha mwezi Machi Stanley akashuka pwani kumtafutia watu na kuwapeleka. Mzee alingoja miezi mitano. Watu walipofika, zaidi ya 50, waliondoka naye mwezi Agosti kwenda kusini.

Miongoni mwa watu hao alikuwamo kijana jina lake Jacob Wainwright. Alikuwa Myao. Alitekwa utumwani akiwa mtoto, Waingereza wakamkomboa, akapelekwa shule ya Nasik huko India, akajifunza kusoma na kuandika. Livingstone alipokufa mwezi Mei mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia, wachukuzi wake hawakukimbia. Wakaongozwa na Susi na Chuma, waliomtumikia miaka mingi. Waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba. Mwezi Oktoba walipita nao hapa hapa Kwihara. Mwezi Februari mwaka 1874 wakaufikisha Bagamoyo.

Sasa sikilizeni vizuri sehemu hii. Kabla ya kuondoka Chitambo, Jacob alichukua kisu akachonga maandishi katika ule mti. Aliandika jina la bwana wao na tarehe. Kisha, chini yake, akaandika majina ya wenzake, wakubwa wa wachukuzi. Baadaye ule mti ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London, kinawekwa huko mpaka leo. Tena aliandika habari za safari ile katika daftari kwa mkono wake, na daftari hilo nalo lipo.

Mimi nikisimama Kwihara huwa nawafikiria wale wengine. Maelfu kwa maelfu walipita njia hii, mwaka hata mwaka, kabla ya Livingstone na baada yake. Nilipofika mara ya kwanza nilitafuta ukutani, nikazunguka nyumba yote, nikidhani nitakuta hata majina kumi ya wachukuzi wa Unyamwezi. Majina ya wageni niliyasoma kwa urahisi. Ya wenyeji sikuyaona. Nikatoka nje nikaketi chini ya mwembe nikala embe, maana ulikuwa mwezi Desemba.

Mama zangu na baba zangu, jua limeinama na basi la Puge linapiga honi. Kazi ya wiki hii ni hii. Kwanza, atakayefika mjini au hata dukani hapo njia panda, asome maneno matatu ya kibaoni na ayanakili. Asiyaandike kwa kukisia. Pili, nendeni kwa wazee. Waulizeni kama katika ukoo wenu alikuwako mtu aliyechukua mizigo ya safari kwenda pwani, au aliyejenga reli. Wakimkumbuka, andikeni jina lake, jina la baba yake, na kijiji alichotoka. Wazee wakibishana juu ya jina, andikeni yote mawili. Anayeshindwa na herufi fulani aache nafasi, mwalimu atamsaidia kuijaza.

Mwalimu atakusanya madaftari Alhamisi, kabla ya kipindi. Kwaherini.